Safari Yetu ya Mutuini Hadi Mutuini

Mutuini, Jumapili alasiri
Septemba 2009

Njeri wangu,

Umetoka sasa hivi na Kimani kwenda Dagoretti Corner kutafuta tochi, na mimi nimebaki na meza yote peke yangu. Unga wa chapati nimeukanda na umelala chini ya kitambaa. Ndiyo, chapati, mwezi wa tisa. Mama Brayo, yule mpangaji wetu wa nyumba za mbele, ameniona nikikanda akachungulia dirishani: "Mama Njeri, kwani leo ni Krismasi?" Nimemwambia ndiyo. Hakuuliza tena, ametuzoea.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kulala ndani ya neti. Hayo nimekuimbia mpaka sasa unayamalizia kabla sijafungua mdomo. Naandika kwa sababu ya lile neno ulilosema Alhamisi ukikunja nguo. Ulisema, "Mum, Desemba nitakuwa wodini, na Shosho hayuko. So ile safari ya Krismasi imeisha." Ulisema polepole, bila kuniangalia, halafu ukaendelea kukunja sweta. Sweta ya kupeleka chuo cha uuguzi Lodwar, kwenye joto lile, mtoto huyu. Mimi ninayekula kwa mdomo wangu pale Ngara, ninayeweza kumuuzia mtu rinda la mtoto kabla hajaoa, nikasimama hapo na mkono kiunoni kama mgeni. Nimezunguka na neno hilo tangu siku ile, kibandani, kanisani, mpaka kwenye zizi la ng'ombe. Leo jibu limenijia nikikanda unga, nikanawa mikono nikashika kalamu.

Lakini wacha nianze mwanzo, kwa sababu mwanzo wenyewe wewe unaukumbuka nusu.

Ulikuwa darasa la tatu. Shule zilikuwa zinafungwa, na mwalimu wenu akawauliza kila mtu anaenda ushago gani Krismasi, kijijini kwao ni wapi. Huyu akasema Kakamega, huyu Kisii, huyu Machakos kwa nyanya yake mwenye maembe. Zamu yako ilipofika ukasema hamwendi popote, na darasa zima likacheka. Ulikuja nyumbani na kamasi na maswali. "Mum, sisi ushago yetu ni wapi?" Nikakuambia ni hapa. "Hapa wapi?" Hapa Mutuini, nikasema, hapa ndipo babu yake baba yako alizaliwa, sisi hatukutoka popote. Ukaniangalia vibaya. Ukasema kila mtu ana pahali pa kwenda, hata Brayo ambaye hana viatu.

Nikacheka, Njeri. Nilikuwa nimechoka, Desemba ni msimu wetu sisi wa nguo za watoto, miguu ilikuwa imevimba, na nikakucheka. Nikakuambia ushukuru Mungu, wenzako wanalala barabarani wakitafuta basi na wewe umefika tayari. Mtu mzima ndiye huona utamu wa kuwa amefika. Mtoto anataka kwenda. Hilo lilinichukua muda kulielewa, na ningelielewa mapema ningekuwa nimekuokolea machozi ya siku ile.

Kesho yake narudi kutoka Ngara, nakukuta getini. Umevaa gauni la kanisa. Umeweka kwenye begi la shule nguo ya kulala na nusu mkate, mkate wa kesho asubuhi, na umekaa juu ya jiwe. Kimani, ambaye hata kuongea vizuri alikuwa hajui, umemkalisha kando yako na kofia. Nikakuuliza unafanya nini. Ukasema, "Tunangoja kwenda." Si kwa hasira. Ulikuwa umekata shauri tu, na kama hatungekuja ungeenda na Kimani.

Baba yako aliporudi kutoka kazini Kitisuru, ambako alikuwa akitunza ile bustani kubwa, nilimweleza nikitarajia acheke pia. Hakucheka. Alivua gambuti, akafikiri, akasema, "Basi tuwapeleke." Nikamuuliza wapi. Akasema, "Nyumbani."

Hivyo ndivyo safari ilivyozaliwa. Tarehe ishirini na nne baba yako aliwaleta Ngara, nikafunga kibanda mchana, wateja wakinung'unika. Nilikuwa nimenunua palepale Ngara lile begi kubwa la kahawia, hili hili ambalo sasa limelala kitandani kwako na zipu imekataa kufunga. Siku ile hatukuwa na cha kulijaza. Msafiri na begi tupu ni aibu, kwa hivyo tulitia mito miwili na blanketi, likavimba vizuri, na baba yako akalibeba begani akilalamika uzito. Mkononi mwingine alikuwa na tawi la mtarakwa alilokata kwenye ua wa tajiri wake kwa ruhusa, la kuja kuvalisha pamba na baluni sebuleni. Tukashuka kwa miguu kutoka Ngara hadi katikati ya mji, watu wakitupisha. Mji ulikuwa umeanza kubaki mtupu. Unakumbuka jinsi Nairobi huwa ile siku, wenyewe wameenda kwao? Barabara ambayo siku nyingine huwezi kuvuka bila kuomba Mungu, mliikimbia wewe na Kimani huku na huku. Tukaangalia taa za Kenyatta Avenue zikiwaka moja moja. Uhuru Park mkapanda mashua, baba yako akapiga makasia vibaya tukazunguka mahali pamoja mpaka mwenye mashua akatuhurumia. Mpiga picha akatupanga mbele ya maua yake ya plastiki, begi katikati, kama mtoto wa tatu wa familia ambayo wakati huo ilikuwa na wawili tu. Halafu chipsi na soda, na mkia wa tawi ukimchoma kila mtu aliyepita.

Na kurudi, baba yako akawa na akili. Hatukushuka stage yetu. Tulishuka ile ya mbele na kurudi kwa miguu kupitia kwenye mashamba ya nepia, yale majani ya ng'ombe, ili tuingie nyumbani kwa upande ambao hatujauzoea. Ukaliona geti letu kwa mbali, ukaninong'onezea, "Mum, ni huko?" Nikakuambia ni huko.

Shosho alikuwa amesimama hapo. Mama ya baba yako, uliyepewa jina lake, mwanamke ambaye hakuwahi kunichekea bure tangu niolewe. Mimi sikumwambia kitu, ni baba yako alimwambia asubuhi, na nilidhani atatuambia tuache upuzi tukamue ng'ombe. Badala yake alikuwa amejifunga kitambaa chake cheupe cha kanisani, ameshika geti limefungwa, akatuangalia kutoka juu mpaka chini.

"Nyinyi ni akina nani?"

Ukasema, "Ni sisi."

"Mmetoka wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi?"

Na wewe ukataja mahali. Hilo jina nitaliweka kando kwanza, nataka ulikute mbele. Shosho alilisikia akatikisa kichwa kwa heshima, akafungua geti na kusema, "Hiyo safari ni ndefu. Poleni. Ingieni, chai iko." Akachukua begi la mito kutoka kwa baba yako na kujifanya limemlemea. Usiku huo ulikula chapati mpaka ukalala na moja mkononi.

Januari shule zilipofunguliwa uliwaambia wenzako ulienda ushago. Uliulizwa ni mbali? Ukasema mnapanda, mnashuka, mnavuka maji kwa mashua, mnatembea mashambani, halafu nyanya yako anafungua geti. Hakuna uongo hata mmoja hapo, nimeukagua.

Baada ya hapo nani angetuzuia. Kila mwaka begi lile lile, mito ile ile. Unamkumbuka yule mwizi wa barabara ya Tom Mboya? Wambo, mdogo wenu, alikuwa bado mgongoni. Kijana alinyakua begi kwa baba yako akakata kona nalo, mimi nikapiga nduru, na baba yako akasimama tu ameshika kiuno, akicheka hata machozi. Tulipofika kwenye kona tulilikuta begi katikati ya barabara, limefunguliwa, na mto mmoja umetolewa nje. Kimani akasema, "Pole yake, na ni Krismasi." Mpaka leo namwonea huruma kijana yule. Alivyokimbia, na vile mito ya nyumba hii ilivyo migumu.

Na ule mwaka uliougua matubwitubwi, mashavu yakajaa, ukalia si kwa uchungu bali kwa safari. Tukaifanya Januari, wikendi ya shule kufunguliwa. Mji ulikuwa umejaa wanafunzi na masanduku yao ya bati, wote wanatoka nyumbani, na sisi peke yetu na begi letu tukienda upande ule mwingine. Mpiga picha akatuuliza kama tumepotea. Shosho alipika chapati zake na kuning'iniza baluni Januari bila kuuliza. Alisema Krismasi huanza watu wakifika. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Sasa nakuja kwenye mwaka ambao sijawahi kukuambia vizuri. Ulikuwa darasa la nane, umemaliza mtihani, umekuwa mrefu, na mimi nilianza kuona haya. Mama mmoja wa kanisani aliniuliza mbele ya wengine kama bado tunabeba mito mjini. Wakacheka, wala si kwa ubaya. Lakini nililala nalo. Nikajiambia watoto wangu wamekuwa wakubwa, sasa wapate safari ya ukweli na ushago ya ukweli kama watoto wa watu. Dada yangu Wairimu alikuwa amejenga Nakuru. Nikamwandalia baba yako maneno mpaka akakubali shingo upande.

Shosho nilimwambia mapema. Nilimwambia, "Mama, mwaka huu tunaenda Nakuru kwa Wairimu, tutarudi baada ya Krismasi." Akaniangalia. "Nakuru?" Nikasema ndiyo. Akatabasamu akasema, "Haya. Nendeni Nakuru." Lile tabasamu ningeliuliza, Njeri. Mwanamke yule hakuwa mtu wa kutabasamu hovyo. Lakini nilikuwa na haraka ya kuwa kama watu wengine.

Nakuru unajua ilivyokuwa. Mlilala kwenye kochi, Wambo alikojoa juu ya zulia jipya la Wairimu, nyama ilikuwa tele na nyinyi mlikaa mkiangalia saa. Tuliporudi, tukiingia kwa stage yetu ya kawaida, nilimkuta Shosho jikoni. Wewe ulipitiliza chumbani na Wambo amelala begani, kwa hivyo hukusikia. Akauliza bila kugeuka, "Mmetoka wapi?"

Kimani akasema, "Nakuru," akakimbilia nje.

Akageuka. "Nakuru ya kweli?"

Ndipo nikaelewa. Alidhani ni mchezo. Alidhani mwaka huu tumechagua jina mapema, tumeamua kusema Nakuru, na kwamba jioni tutatokea kwenye nepia na begi letu kama kawaida. Mama Brayo, ambaye mwaka huo hakusafiri, ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Shosho alipika, akajifunga kitambaa cheupe, akasimama getini. Miguu ilipochoka akaleta kigoda. Mama Brayo akamwambia, "Shosho, hawa watu si walisema wameenda?" Akamjibu, "Wameenda ndiyo. Sasa wanarudi." Giza likaingia akiwa hapo. Na siku ya Krismasi yenyewe akatoka tena na kigoda chake, akisema safari huchelewa.

Nilipiga magoti pale jikoni nikamwomba msamaha, mimi na yeye tukiwa na miaka yetu yote ya kununiana. Akaniambia niinuke nisichafue sketi. Akasema, "Chai ya Krismasi nilimpa mbwa. Mtangoja ya leo." Halafu akanikataza kuwaambia nyinyi kwamba alingoja, mtajisikia vibaya. Nimeificha mpaka leo. Nakuambia sasa kwa sababu yeye hawezi tena kunigombeza, na kwa sababu unakuwa mtu mzima na utakosea watu unaowapenda bila kukusudia, hasa siku utakayotaka kufanana na wengine. Mimi nilienda kutafuta ushago, kumbe ushago nilikuwa nimeiacha getini, imekalia kigoda.

Tangu hapo sijaona haya tena. Desemba iliyofuata nilibeba begi mwenyewe, na nikapita mbele ya kanisa makusudi.

Krismasi iliyopita hukujua ni ya mwisho, hata mimi sikujua. Hakuweza kusimama. Tulimkuta kwenye kiti mlangoni, blanketi magotini, na kitambaa kile cheupe. "Nyinyi ni akina nani?" Sauti ilikuwa imeisha lakini maneno yalikuwa yote. Wambo akamwambia tumetoka mwezini. Shosho akasema, "Huko kuna baridi. Ingieni." Mwezi wa tatu tukamzika pale chini ya shamba, na ulilia ukisema nani sasa atatufungulia. Nilikusikia. Nililia pia, na nilikuwa nalilia neno hilo hilo, kwa sababu mwanamke yule nilimpenda nikiwa nimechelewa.

Sasa jibu lako.

Umesema safari imeisha kwa sababu hutakuwepo na Shosho hayupo. Njeri, umehesabu vibaya. Miaka yote hii tulikuwa wasafiri wa mito na blanketi, watu waliotoka nyumbani kwenda nyumbani. Katika ukoo huu wote, tangu babu yake baba yako, hakuna mtu aliyewahi kuwa na ushago, kwa sababu hakuna aliyewahi kuondoka. Wewe ndiye wa kwanza. Kesho ukipanda basi la Kitale, njia ya Lodwar, Mutuini inakuwa ushago. Utaulizwa huko na wenzako wapya, "Na wewe, kwenu ni wapi?" na kwa mara ya kwanza utakuwa na pahali pa kunyoshea kidole. Nimekaa hapa kama mjinga nikilifurahia jambo hilo. Ukiwa darasa la tatu ulikaa getini ukingoja kwenda, na sasa unaenda.

Desemba utakuwa wodini, sawa. Wagonjwa hawajui Krismasi. Kimani na Wambo nitawapeleka mjini na tawi lao, wapande mashua. Lakini geti la Krismasi halitafunguliwa kwa mtu mwingine kabla yako. Ukija Februari, Krismasi ni Februari. Ukija Juni na mvua yake, nitatafuta baluni Juni. Mimi nimestaafu usafiri. Kile kitambaa cheupe Shosho aliniachia mimi, si shangazi zako, na nilidhani alikosea. Leo nimekifua, kiko kwenye kamba, kikikauka utakiona ukirudi na tochi. Sasa unajua ni cha nini.

Na begi acha lisifunge, nitalifunga kwa kamba. Katika maisha yake yote halijawahi kujaa vitu vya ukweli, lazima lishtuke. Mto mmoja nimeuingiza chini kabisa. Usiutoe, lina mazoea nao.

Sasa lile jina. Umelisahau, najua, kwa sababu barua ya chuo ilipofika ulisoma tu ukaruka ruka, wala hukuona mimi na baba yako tukitazamana. Yeye alitoka nje akajifanya anaangalia ng'ombe. Mwaka ule wa kwanza, ulikuwa ukisikiliza habari ya hali ya anga kwenye redio ya baba yako kila jioni, ile ambayo sisi tunatetemeka na kuna mji mmoja kule juu watu wanakaangwa na jua. Shosho alipokuuliza mbali wapi, ulinyosha shingo, gauni la kanisa limejaa vumbi, ukamwambia, "Tumetoka Lodwar."

Kwa hivyo njoo siku utakayoweza. Usishuke stage yetu, shuka ile ya mbele, upitie kwenye nepia. Nitakuwa getini nimejifunga kitambaa, na geti litakuwa limefungwa, na nitakuuliza umetoka wapi. Unijibu vilevile.

Nasikia sauti ya Kimani barabarani. Wacha niwashe moto.

Mama yako